Kibuyu Changu Kimetiwa Maua

(Jina la msichana huyu tunalo, nalo litabaki kwetu. Msomeni, kisha mmjibu kwa heshima.)

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba. Nimemaliza darasa la nane juzi tu, na sasa nalea watoto wa memsaabu katika shamba moja karibu na Rongai. Baba ni mkamuaji wa ng'ombe hapo hapo, na nyumba tunayolala ni ya shamba. Mimi si msemaji. Hata shuleni, mwalimu akiniuliza jambo ninalolijua, nilikuwa naangalia chini. Lakini sasa nina chuki moyoni mpaka chakula hakipiti, ndiyo maana naandika.

Marehemu mama yangu alizaliwa kisiwani, katika ziwa la Baringo, na nyanya yangu angali huko. Katika ukoo wao msichana akishakua hupewa kibuyu cha maziwa na mama ya mama yake. Ni kimoja tu maishani. Siku ya kukipokea hunywa humo maziwa ya kwanza, na akiolewa ndicho anachoingia nacho nyumbani kwake. Changu nyanya alikisugua kwa mkaa na kukishonea shanga miaka yote niliyokuwa shule.

Memsaabu alipata wageni kutoka Ulaya, akataka kuwatembeza kisiwani kwa siku moja. Mimi nilichukuliwa niangalie watoto. Anayewatembeza wazungu huko ni mjomba wangu, ndugu ya mama. Aliwaonyesha mamba waliolala ufukweni. Alirusha samaki juu ya maji, tai akashuka akamnyakua karibu na mashua, wageni wakapiga makofi. Kisha akawapeleka kwenye maji yanayochemka katikati ya mawe, wakapika mayai humo wakicheka. Tukapanda kilima, tukaliona ziwa lote, rangi ya chai ya maziwa. Mpaka hapo sikuwa na neno.

"Sasa," mjomba akasema, "twende muone nyumba ya wenyeji."

Nyumba yenyewe ilikuwa ya nyanya. Mjomba hakuwa ameniambia kwamba mama yake naye huonyeshwa, kama mamba.

Nyanya alitoka, akanitazama, akarudi ndani bila kuwajali wageni. Alipotoka tena alikuwa amebeba kibuyu kilichojaa maziwa. Akaninyoshea kwa mikono miwili. "Shika, mwanangu."

Sisi tumefundishwa kwamba msichana hapokei kitu cha mkubwa mara ya kwanza, ataonekana mlafi. Unaangalia chini, unangoja uambiwe tena. Niliangalia chini. Kabla nyanya hajafungua mdomo mara ya pili, mkono wenye saa ya dhahabu ukapita mbele ya uso wangu.

"Hii ya mimi?" memsaabu akasema. "Mzuri sana! Asante, mama!"

Akanusa, akakunja pua, akamwaga maziwa yote kwenye mawe. Mbwa wakayaramba.

Nyanya akamgeukia mjomba, akasema kwa lugha yetu, "Mwambie ni cha mtoto."

Mjomba akacheka. "Mama anasema karibu tena, memsaabu." Kisha akamwambia nyanya kwa lugha yetu, "Kibuyu tu, mama! Umenyang'anywa ng'ombe? Hawa wakifurahi watarudi."

"Na wewe," nyanya akaniuliza, "huna mdomo?"

Sikuwa nao. Tulishuka hadi kwenye mashua, kibuyu changu kikiwa mapajani mwa memsaabu. Mjomba alinipungia mkono, nami sikumpungia. Memsaabu angalau hakujua. Yeye alijua, akacheka. Simtaki, na sitamwita mjomba tena.

Sasa kibuyu kiko verandani, kimetiwa maji na maua. Wasomaji wafugaji mnajua kwamba kibuyu kikikaa na maji huoza, hakifai tena kwa maziwa. Na anayebadilisha maji hayo kila asubuhi ni mimi. Juzi nilijikaza. Nikasema, "Memsaabu, hiki kibuyu..." Akanikata. "Ndiyo, mzuri, eh? Wewe angalia, hapana vunja." Akaenda zake.

Baba nilipomweleza alikasirika. "Nyamaza kabisa! Tukifukuzwa hapa utatupeleka wapi, kisiwani?" Nyanya naye amenitumia salamu kwa mchuuzi mmoja. Hatengenezi kingine, na nisionekane kwake mikono mitupu.

Mwisho wa mwezi memsaabu anakwenda tena, safari hii na dada yake. Dada yake amekipenda, anataka chake. Nimeambiwa, "Wewe tasema ile mama mzee lete ingine." Yaani mimi, kwa mdomo wangu!

Kila asubuhi nikishayamwaga yale maji, hukaa kidogo na kibuyu mkononi. Hakuna anayeniangalia, na mlango wa uani uko wazi. Kisha nawakumbuka baba na ng'ombe anaowakamua, natia maji mapya, narudisha maua.

Ninyi mlio na mabinti, nakuombeni mniambie: nimwombe memsaabu tena, nimweleze yote, au nikichukue kilicho changu niende nacho kwa nyanya? Niambieni upesi, na mnijibu wazi. Maana safari hii sitaki kungoja niambiwe mara mbili.