Kitambaa cha Kochi Ukutani

Mwaka 2023, majira ya mapukutiko, nikiwa na miaka sitini na mitatu, daktari wangu wa Blaine alinishauri nijiunge na darasa la kuponya majonzi kwa nyuzi, jijini Saint Paul, huku ughaibuni. Mume wangu alikuwa amefariki tarehe 11 Februari 2022.

Tulikutana mara ya kwanza Alhamisi, tarehe 5 Oktoba. Mwalimu, mwanamke mpole mwenye sauti ya kubembelezea watoto wachanga, alimtaka kila mmoja afume jeraha lake. Mimi nilitoa kroshia na kuendelea na kitambaa cha kochi. Kwetu Kenya kiti cha sebuleni hakikai uchi, na kilichosalia kuvikwa kilikuwa kiti cha marehemu.

Mwalimu aligusa pembe isiyokamilika. "Na hapa, pengo hili?"

"Uzi uliisha."

Alifumba macho. "Uzi uliisha," akarudia kwa mnong'ono, kisha akaandika daftarini.

Mjane mwenzangu kutoka Kongo alinikanyaga mguu. "Eh, mama, lia hata kidogo! Huyu hatatuachilia twende kula."

"Lia wewe."

"Mimi nimeshalia. Ni zamu yako."

Sikulia. Mume wangu nilimlilia ndani ya gari, na jikoni. Sikuona haja ya kumlilia kwa ratiba.

Jumamosi, tarehe 2 Machi 2024, kazi zetu zilitundikwa ukutani, watu waje kuzitazama. Chini ya kitambaa changu palibandikwa maandishi: "Kilio cha mwanamke asiye na sauti." Nilipata cheti cha sekondari nikiwa na miaka arobaini na saba, kwa hiyo niliyasoma mwenyewe, mara mbili, kwa sauti ya kufika mlangoni. Mgeni mmoja alifuta machozi.

"Yaondoe," nilimwambia mwalimu.

"Mama, sanaa ikishatundikwa, maana yake ni ya watazamaji."

"Na kitambaa?"

"Kitambaa ni chako."

"Basi watazamaji wabaki na maana, mimi nipe kitambaa."

Akasema hilo ni la kamati inayosimamia darasa. Niliiandikia kamati barua tatu, nikitaka maneno yale yafutwe na kitambaa kirudi nyumbani. Mara zote tatu ilinishukuru kwa hatua kubwa niliyopiga katika kupona. Barua ya nne niliipeleka kwa mkono, nikaketi kungoja jibu.

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi, mwenyekiti alitia saini: maandishi yafutwe, kitambaa kirejeshwe kwa mwenyewe. Nilisoma kila mstari kabla ya kutia saini yangu, kamati nzima ikisubiri.