Robo Iliyobaki Ndani ya Katriji

Kwa miaka thelathini na moja mzee huyu alikuwa mkaguzi wa mizani. Alikuwa akiingia dukani kimya kimya, anaweka mawe yake ya shaba juu ya sahani, na muuzaji aliyebandika sumaku chini ya mizani anaanza kutokwa na jasho. Watu wakamwita Ratili, na hata alipostaafu jina lilimganda. Nyumbani alikuwa mpole, mtu wa kucheka na wajukuu. Lakini ukimwonyesha kipimo cha uongo, hata cha karanga, damu ilimchemka.

Mkewe alikuwa na duka la steshenari mkabala na shule ya msingi: chumba kimoja, kaunta ya mbao, rafu za madaftari, na printa moja ya wino inayochapa na kutoa kopi. Ratili alimsaidia kukata karatasi na kubana vitabu. Printa hakuigusa. "Hiyo ni mali ya mama," alisema.

Asubuhi moja mwalimu mkuu wa shule ile aliingia akihema. Mashine ya shule ilikuwa imekufa tangu jana, na watoto arobaini na wanane walikuwa wanangoja mtihani wa hisabati.

"Mama, niokoe. Saa mbili kamili wanaanza."

"Kaa hapo mwalimu, hii ni kazi ya dakika chache."

Karatasi zikaanza kutoka, nyeusi, safi, moja baada ya nyingine. Ya kumi na tisa ilipotoka, printa ikakohoa na kusimama. Taa ikawa inawaka na kuzima. Kwenye kioo chake kidogo kulikuwa na michoro ya vichupa vinne vya wino, na kile chekundu kilionekana kikavu. Chini yake maandishi yalisema: wino mwekundu umekwisha, badilisha.

Mwalimu mkuu akainama kutazama. "Mwekundu? Mtihani wa hisabati una wekundu gani?"

Mama wa duka akabonyeza huku na kule. Akazima, akawasha. Akachomoa waya ukutani, akauchomeka tena. Ng'o. Mweusi ulikuwepo tele, lakini mashine iligoma mpaka ipewe mwekundu, na duka la wakala wa printa hizo lilikuwa halijafunguliwa. Mwalimu mkuu akakusanya zile karatasi kumi na tisa kifuani.

"Mama, nilikutegemea wewe," alisema, akavuka barabara karibu anakimbia.

Waliokosa karatasi waliandikiwa maswali ubaoni. Mtihani ulianza saa nzima baadaye, na ile pembetatu iliyochorwa kwa chaki haraka haraka ilitoka vibaya, hata watoto kadhaa wakahangaika kutafuta jibu ambalo halikuwepo. Habari hizo zilifika dukani kabla ya mchana.  Mama alipanga madaftari yaliyokuwa yamepangwa tayari, akayapanga tena, na Ratili, aliyeishi naye miaka mingi, alijua mkewe amevunjika moyo.

Ndipo akaigusa printa kwa mara ya kwanza. Akafungua kifuniko, akachomoa ile katriji nyekundu na kuitikisa karibu na sikio. Akahisi kitu kinacheza ndani.

"Mama watoto, nani kakwambia hii imekwisha?"

"Si mashine yenyewe imesema."

"Imesema," alirudia Ratili, kwa ile sauti aliyokuwa akiitumia madukani.

Alitoa mizani yake ndogo ya sahani mbili, zawadi ya kustaafu. Katriji hii ilikuwa gramu ishirini na tatu. Mchana mkewe aliponunua mpya, akaipima kabla haijaingia kwenye mashine: thelathini na mbili. Kisha akatafuta ganda tupu kweli kweli. Akaokota katriji ya zamani ya aina ileile kwenye kapu la takataka, akaipasua kwa kisu, akaiosha pamoja na sifongo yake mpaka maji yakatoka meupe, akaianika siku mbili, akairudisha kwenye sahani na vipande vyake vyote. Ishirini. Mikono ilibaki na rangi wiki nzima, na kitambaa cha meza hakikupona. Mkewe alimsema mpaka akachoka mwenyewe. Ratili hakusikia hata neno moja. Alikuwa anapiga hesabu: gramu kumi na mbili za wino ziliingia, tatu zimebaki. Robo! Robo nzima inatupwa kwenye kapu, na mashine inaapa kwamba hakuna kitu.

Akazifunga katriji kwenye karatasi, akavaa koti, akaenda kwa wakala. Pale alimkuta fundi, mwanamke mwenye miwani na bisibisi nyuma ya sikio.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, mashine yenu inapimaje wino? Ina boya ndani? Ina jicho?"

Fundi akacheka. "Haipimi, mzee. Inahesabu."

"Inahesabu nini?"

"Matone. Kila tone inalolirusha kwenye karatasi inalitoa kwenye hesabu. Katriji ina chipu hapa ubavuni, hesabu inaandikwa humo. Hesabu ikifika mwisho, inasema wino umekwisha."

"Na kile kichupa kinachoshuka kwenye kioo?"

"Hiyo ni picha tu."

Ratili akaegemea kaunta kwa mikono miwili. "Kwa hiyo anayepakua wali anahesabu miiko, chungu hajakifunua hata mara moja, halafu anawatangazia wageni kwamba chakula kimekwisha."

"Ndiyo hivyo hivyo. Na kila ukiiwasha inajisafisha, inamwaga wino wa rangi zote. Na huo inauhesabu."

Mzee akakumbuka jinsi mkewe alivyokuwa akiizima kila wanapopumzika, ili kuokoa umeme. Hasira ikampanda mpaka masikioni.

Fundi akamweleza pole pole kwamba kubakiza kidogo kuna maana: wino ukikauka kabisa, hewa inaingia kwenye kichwa cha kuchapia na kukiunguza.

"Akiba naielewa," alisema Ratili. "Lakini aseme akiba! Aseme nakisia! Mimi nimefunga maduka ya watu kwa uongo mdogo kuliko huu. Kuna watoto wamefanya mtihani ubaoni kwa sababu ya neno 'umekwisha'."

Fundi akatazama nyuma, meneja hayupo. Akashusha sauti. "Mzee, kuna kitufe. Hiki cha kusimamisha. Kibonyeze, ukishikilie sekunde tano. Itaacha kuhesabu na itaendelea kuchapa. Wewe uangalie tu rangi isianze kufifia."

"Kitufe kilikuwepo siku zote?"

"Kipo kwenye kitabu. Ukurasa wa tisini na kitu."

Ratili alirudi nyumbani kwa miguu, maana alihisi akikaa kwenye kiti atapasuka. Akairudisha ile katriji "tupu", akashikilia kitufe. Printa ikanguruma, ikatii. Karatasi za wateja zilitoka siku hiyo na iliyofuata, na wekundu wake haukufifia mpaka ya hamsini na sita. Mkewe alizihesabu mwenyewe, midomo imekaza.

"Za mtihani zilikuwa zimebaki ishirini na tisa tu," alisema. "Ishirini na tisa, baba watoto!"

Kesho yake Ratili akaenda ofisi ya vipimo. Mkuu wa sasa alikuwa amefundishwa kazi na Ratili mwenyewe.

"Mwalimu wangu," mkuu alisema, "sheria inajua mizani, pishi na pampu za mafuta. Printa haijatajwa."

"Na sumaku ilitajwa? Mbona tuliwakamata?"

Mkuu akavuta karatasi, akaandika na kusaini barua ya kumtaka wakala ajieleze. Jibu lilikuja baada ya wiki sita, sentensi mbili: mashine haina kasoro, inafanya kazi kama ilivyokusudiwa.

"Hilo ndilo nililoshtakia!" Ratili alifoka, karani akadondosha kalamu.

Hakuna aliyeadhibiwa. Lakini mwezi uliofuata kila aliyenunua printa kwa wakala yule alikuta kijikaratasi ndani ya boksi, kimechapwa na fundi mwenye miwani. Kilieleza kitufe, na sentensi ya kwanza ilisema: "Mashine ikikwambia wino umekwisha, huenda bado upo."

Mama wa duka akapeleka nakala kwa mwalimu mkuu, wakapatana palepale mlangoni. Ratili alikisoma mara mbili, bado amekunja uso.

"Huenda," alisema. "Angalau sasa wanasema huenda."