Jiko la Bonge

Alipoingia chuo kikuu alikuwa mwembamba, na hakuna aliyemwita Bonge. Jina hilo lilikuja mwaka wa pili, baada ya matroni wa bweni kumnyang'anya jiko lake dogo la umeme. Eti majiko yanaunguza majengo. Sawa. Lakini jiko la chuo lilishafungwa zamani, na getini kulibaki kibanda kimoja tu cha chipsi, soseji na soda. Kiwanja cha mpira wakakigeuza maegesho ya magari ya wakubwa. Vipindi vikameza saa ya chakula. Halafu watu hao hao, bila hata haya, wanashangaa vijana kunenepa!

Nyumbani shangazi yake alifurahi: "Chuo kimekukubali, mwanangu!" Bonge alicheka, lakini moyoni aliumia. Ngazi za bweni zilimtoa jasho na magoti yalimuuma. Alichotaka ni jiko lake, ajipikie maharage na mboga kama alivyozoea. Kila alipoliomba, aliambiwa liko stoo, limefungiwa.

Ikaja wiki ya afya. Mizani ikawekwa ofisini kwa matroni, mlango wazi, foleni mpaka nje, nesi anatangaza kilo za watu kama yuko mnadani. Zamu ya Bonge ilipofika, matroni akamdakia nesi maneno.

"Mwanangu, acha uvivu. Jipikie vya kuchemsha."

"Nijipikie kwa jiko gani, mama?"

Matroni akajifanya hakusikia. Bonge, yeye, alisikia harufu. Akashuka kwenye mizani, akazunguka kabati. Jiko lake hilo hapo, limechomekwa ukutani, na juu yake sufuria ya mboga za majani inatokota, haina hata tone la mafuta.

"Nilikuwa nalijaribu tu, kama bado zima," matroni akasema.

Miezi yote ile! Bonge akachomoa waya, akaitua sufuria mezani taratibu.

"Ni zima, mama. Karibu chakula."

Akalizungushia jiko sweta lake, akatoka nalo. Foleni ikampisha, na hakuna aliyethubutu kumfuata.

Kesho yake mchana matroni alionekana kibandani, akiomba chipsi zisizo na mafuta mengi. Muuzaji akamcheka.

"Wote huanza hivyo hivyo, mama. Niweke na soda?"