Mwanamume wa Migombani

Naikumbuka Jumapili moja, mvua imepumzika kidogo, na kwetu Tukuyu mvua kupumzika si kuacha. Nilikuwa kijana. Shule nilikuwa nimeiachia darasa la nne, nanunua viazi Isongole na kuviuza kando ya barabara Kiwira. Serikali ilikuwa imefungua milango ya biashara, vitu vikaingia vya kila namna, na mimi nikawa wa kwanza katika ukoo mzima kuwa na redio ya deki mbili. Nasema bila aibu, mwanangu. Niliinunua kwa viazi, sikurithi hata betri. Kwa hiyo siku ya kesi ya Bupe, mimi ndiye niliyeambiwa nije na redio.

Bupe alikuwa mke wa kaka yangu Gwakisa. Tena alikuwa mpiga piano wa kanisani. Piano yenyewe ilikuwa kuukuu, iliachwa na wamisionari, na baadhi ya funguo zake zilikuwa zimekufa, ila yeye alijua kuziruka kama mtu anavyoruka madimbwi ya njia ya kwao. Kwaya ilipokwenda Dar es Salaam kurekodi, naye akapata nafasi ya kurekodi nyimbo zake alizotunga mwenyewe. Yeye na piano, basi. Gitaa hakuna, ngoma hakuna. Akarudi na kanda yenye picha yake juu, na haukupita muda duka la pale Makandana likawa linaipiga kutwa.

Mimi tangu mwanzo kanda ile sikuiamini. Muziki wa kucheza hauna hila, mwili unacheza na maneno yanapita. Lakini piano peke yake, tena taratibu, inakushika sikio. Nikajiuliza, huyu shemeji yangu ana neno gani hata atake watu wote wanyamaze?

Neno lenyewe lilikuwa upande wa pili wa kanda. Bupe anaimba:

*Akikohoa njiani, naingia migombani.*
*Uso wake siujui, moyo wake naujua.*

Mwanangu, wewe umezaliwa kwenye migomba. Unajua shamba la migomba lilivyo na kiza mchana, na unajua watu husema nini mwanamke akiingia humo kwa kuitwa. Pale dukani vijana wakaanza kumkoholea Gwakisa akipita. Anakwenda kununua chumvi, mtu anakohoa. Anatoka kanisani, mwingine anakohoa. Kaka yangu akakonda.

Basi Jumapili ile tukakaa nyumbani kwa baba. Tulikuwa Gwakisa, mimi na redio yangu, na shangazi, dada yake baba, mwanamke ambaye hata mchungaji alipima maneno mbele yake. Bupe alikuwa jikoni, kibanda cha nyuma, anatumenyea ndizi. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, tunamwona mgongo.

Baba alipoona naweka kanda, akasimama. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawasemezani wala hawatazamani, na jina la mzee mkamwana halitamki. Wengi walikuwa wameshaiacha mila hiyo. Baba hakuiacha.

"Siwezi kukaa kitako nikasikiliza sauti ya mkamwana," akasema. "Amueni, mtaniambia." Akachukua mundu wake, akashuka shambani kukata majani makavu ya migomba.

Nikabonyeza. Piano ikaanza. Ilipofika pale pa kikohozi, Gwakisa akazima.

"Mmesikia? Mimi nikirudi kwangu napiga hodi. Sijawahi kumkoholea mke wangu."

"Labda ulikuwa na mafua," nikasema.

"Lusajo, usinichezee."

Shangazi akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Ikafika palepale, Gwakisa akazima tena. Tukaenda hivyo mpaka betri zikaanza kuchoka na sauti ya Bupe ikawa nzito kama ya mwanamume. Shangazi akatikisa kichwa. "Lisemwalo lipo," akasema, "na kama halipo, laja. Hili lipo. Limeimbwa."

Akainuka, akaenda mpaka mlango wa nyuma. Sote tukasikia.

"Bupe. Huyo anayekohoa ni nani?"

Bupe hakugeuka. Kisu kikasimama. "Shangazi, siwezi kumtaja."

"Huwezi?"

"Siwezi. Wewe unajua siwezi."

"Mimi nijue mambo yako ya migombani?"

Bupe akarudia kumenya. Nami moyoni nikasema, huyu ameshajihukumu. Asiyeweza kumtaja mtu ana cha kuficha. Ndivyo nilivyowaza, na niliona nimewaza kwa akili sana.

Shauri likakatwa haraka. Kesho yake asubuhi Bupe arudishwe kwao na sanduku lake. Mtoto wao, aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa, abaki kwetu, maana mtoto ni wa ukoo. Gwakisa aliitikia huku anatazama sakafu. Bupe alisikia yote. Niliona mabega yake yakishuka, lakini mikono haikuacha ndizi.

Nikaiwasha redio mara ya mwisho, sijui kwa nini. Labda nilitaka kuujua vizuri ubaya kabla haujaondoka. Piano ikaja, na sauti ikafika pale: *akikohoa njiani*.

Kule shambani, kwenye njia ya kupandia nyumbani, mtu akakohoa.

Bupe akainuka. Hakuharakisha wala hakutazama huku wala huku. Aliinuka kama mtu aliyezoea kuinuka hivyo kila siku, kisu mkononi na ndizi iliyomenywa nusu, akainamisha kichwa, akaingia migombani. Majani yakamfunika.

Kisha baba akatokea njiani na mundu wake.

Ile ndiyo mila yetu wenyewe: mzee hukohoa angali mbali, mkamwana ajue, aiache njia, ajisitiri mpaka apite. Tulikuwa tumeiona maelfu ya mara. Macho yalikuwa yameizoea hata hayaioni tena. Na Gwakisa safari hii, kwa kupigwa na butwaa, hakuizima redio. Wimbo ukaendelea, ukafika mahali tusipowahi kufika, maana hata dukani vicheko na vikohozi viliufunika kabla haujafika hapo:

*Mwaka niliofiwa, kuni zilikuwa mlangoni kila alfajiri.*
*Aliyezileta alikohoa tu, akaenda zake.*

Baba akasimama uani. Mtoto wa kwanza wa Bupe alikufa kabla hajapewa jina, na sisi wengine tulidhani kuni zile alileta Gwakisa. Gwakisa alidhani nimeleta mimi. Baba aliigeuzia redio mgongo, mila iko palepale, lakini hakuondoka mpaka piano iliponyamaza.

"Mmeamuaje?" akauliza.

Shangazi akamwambia, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua kuwa anayo.

Baba akamtazama. "Dada yangu, wewe umeolewa. Mwanamke aliyelelewa vizuri, ni mwanamume gani asiyeweza kumtaja?" Baba akatugeukia sisi. "Mmekaa hapa tangu kutoka ibadani mnaisikiliza redio. Mwenye wimbo yuko hatua chache, anawapikia. Amewajibu mara moja, kwa adabu, na adabu yake mmeifanya ushahidi." Kisha akamwambia shangazi, "Nenda ukamwambie, mimi nasema ndaga fijo." Asante sana. Yeye mwenyewe hakuweza kumwambia, akaingia ndani ili Bupe apate njia ya kurudi.

Gwakisa ndiye aliyemfuata migombani. Walikaa huko muda, na ndizi za siku ile nilimenya mimi.

Sasa nisikilize. Sikuambii uache kushuku. Mimi mwenyewe hadi leo naushuku wimbo wowote usiochezeka, na mfanyabiashara asiyeshuku huuziwa viazi vilivyooza. Lakini mtu si gunia la viazi, ulitoboe uone ndani. Siku hizi naona mnachunguza simu za wake zenu, mnasoma neno moja na kulitolea hukumu kabla hamjafika mwisho. Fika mwisho. Kisha mwendee mwenye maneno umuulize, na akikujibu kwa ufupi, jiulize kwanza ni heshima ya nani anayoilinda kabla hujauliza ni aibu gani anayoificha. Pengine heshima hiyo ni ya kwenu.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe nyumba ambayo watu wake hawasikilizani kupitia ukuta. Mvua ya Rungwe ikukute umeshapanda, na siku ukifikwa na msiba, awepo mtu wa kukuletea kuni asiyetaka kutajwa.