Volteji Isiyotulia

Mimi sipendi kitu kinachoyumba. Nilipokuwa fundi umeme katika karakana ya mgodi wa almasi, wenzangu walinicheka kwa sababu niliweza kupima waya mmoja mara nne, na mtu akinigusa kiwiko nikiwa napima, siku yake ilikuwa imeharibika. Mke wangu alisema hata ugali naupima. Si kweli, ila sikumbishia sana.

Baba yangu alikuwa kinyume changu. Yeye alikuwa mpiga ngoma mkuu wa kikundi cha kwetu, upande wa Kishapu, na kwetu ngoma ni mashindano. Pamba ikishavunwa, vikundi viwili vinakutana uwanja mmoja, siku moja, wakati mmoja, kila kimoja upande wake. Hakuna jaji. Watazamaji wanakwenda kwenye utamu, wakichoka wanahamia upande wa pili, na jua likikaribia kuzama, wenye watu wengi ndio washindi. Kazi ya mpiga ngoma ni kuwavuta watu watoke kwa mwenzake. Baba alikuwa amewavuta kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini mkono wake wa kulia ukapooza. Watu wakasema amerogwa na wapinzani. Hospitali wakasema ni kiharusi. Baba akakubali yote mawili, kisha akakaa ndani. Alikuwa anatembea vizuri, anaongea vizuri, lakini hakutaka kuonekana na mtu.

Siku moja nikiwa nyumbani likizo, manju wa kikundi, yaani kiongozi na mtunzi wao, alikuja kumwona. Akasalimia kwa heshima zote, akanywa uji, kisha akasema lililomleta.

"Mzee, mwaka huu usipoonekana uwanjani, nafasi yako nitampa mwingine. Sina namna."

"Mpe," baba akajibu.

Manju alipoondoka mama akaniambia pembeni kwamba baba akishasema "mpe" kwa sauti ile, hali chakula. Kweli hakula siku mbili. Nilimkasirikia manju, nikamkasirikia baba, nikaukasirikia na ule mkono. Mimi nikikasirika huwa natafuta bisibisi.

Na kitu cha kufungua nilikuwa nacho. Fundi mmoja wa kigeni pale mgodini, aliporudi kwao, aliniachia kinanda cha umeme alichokiunda mwenyewe. Usifikirie kinanda cha kanisani. Hiki kilikuwa sanduku lenye visanduku vidogo ndani, kila kimoja na kazi yake: kimoja kinatoa sauti, kingine kinaichuja, kingine kinaikata. Unaviunganisha kwa nyaya fupi unavyotaka wewe, na kila kimoja kinaongozwa na volteji. Ukiongeza volteji sauti inapanda, ukipunguza inashuka. Kwa wiki mbili nilihangaika nikapata mlio unaokaribia ngoma ya baba, mzito chini na mkavu juu. Nikaufunga kwenye kisanduku cha kuhesabu mapigo, nikaomba betri ya lori karakana, nikapanda na sanduku basi hadi nyumbani.

Wazo langu lilikuwa rahisi. Mashine iwe mkono wa kulia wa baba. Yeye akae tu uwanjani, aonekane, nafasi yake ibaki yake.

Nikaiwasha mbele yake uani, asubuhi, mama akipepeta mtama. Ikapiga sawasawa kabisa, pigo kwa pigo, bila kosa hata moja. Nilijisikia vizuri sana. Baba akasikiliza kidogo, akasema, "Hiyo ni mashine ya kusaga," akaingia ndani.

Nilirudi kazini nimenuna. Ilinichukua siku kadhaa kukubali kwamba mzee yuko sahihi. Mapigo ya mtu hayalingani. Moja linawahi kidogo, jingine lina nguvu zaidi, jingine linalia chini, na hapo ndipo miguu ya watu inapoamka. Mimi niliyeishi kwa kunyoosha vitu sasa nilitakiwa nivipinde, na sikujua vipindwe kiasi gani.

Jibu lilikuwa ndani ya sanduku lenyewe. Kulikuwa na kisanduku kinachotoa mkwaruzo mtupu, ule unaousikia redio ikiwa katikati ya stesheni mbili. Mkwaruzo ule ni volteji inayorukaruka ovyo, haina mpango wowote. Pembeni yake kulikuwa na kisanduku kingine cha kuchota: kila pigo likilia, kinachota volteji yoyote kinayoikuta pale, kinaishikilia mpaka pigo linalofuata, kisha kinachota nyingine. Nikaivuta ile volteji nikaipeleka kwenye sauti, kwenye nguvu ya pigo na kwenye mwendo. Hata mimi niliyeunganisha sikuweza kujua pigo lijalo litakuwaje. Kwa mtu wa tabia yangu hiyo ilikuwa adhabu.

Wiki iliyofuata nikaiwasha tena uani. Ikaruka juu, ikashuka, ikakimbia, ikasita. Baba akaangua kicheko. Mama aliweka ungo chini akamtazama, maana tangu ugonjwa ule hakuwa amecheka.

"Ng'wana wane, mwanangu, huyo amelewa!" akasema. "Mpelekeni akalale!"

Nikapunguza volteji hadi ikawa kidogo tu. Safari hii baba hakuondoka. Alisikiliza ameinamisha kichwa, muda mrefu, mpaka nikaanza kuona aibu bila sababu.

"Sasa hajalewa," akasema. "Lakini hana kumbukumbu."

"Kumbukumbu gani, baba? Ni mashine."

"Mtu akichelewa pigo moja, pigo linalofuata linajua kwamba lile limechelewa. Linamfuata mwenzake, linamrudisha polepole. Huyu wako kila pigo linazaliwa leo. Nduhu. Hapana."

Nilitaka kumjibu vibaya, nikajizuia kwa sababu ya mama. Lakini usingizi ulinipotea nikiliwaza neno lile, kwa kuwa lilikuwa neno la ufundi kabisa. Volteji yangu ilikuwa inaruka toka hapa hadi kule bila kupita katikati. Ilihitaji kuzuiwa isiruke, ilazimike kutembea. Kazi hiyo inafanywa na rezista moja, inayobana umeme, na kapasita moja, inayouhifadhi. Kapasita inajaa polepole na kuisha polepole, kwa hiyo kila volteji mpya inaanzia karibu na pale ya zamani ilipoishia. Madukani wakati ule hapakuwa na kitu, hata sabuni ilikuwa ya kutafuta, basi nikaitoa kapasita kwenye redio yangu mwenyewe. Mke wangu alikaa juma zima bila taarifa ya habari.

Safari ya tatu baba alisikiliza, akavuta kigoda akasogea. Mapigo yalikuwa yanayumba, lakini yakiyumbia upande mmoja kwa muda, kisha yakirudi. Akauliza ni kitu gani kinachopunguza na kuongeza. Nikamwonyesha kitufe cha kuzungusha, kama kile cha sauti ya redio. Akakishika kwa mkono wa kushoto, akawa anakizungusha taratibu, akiongeza mtikisiko wimbo unapotaka kupanda, akiupunguza unapotaka kutulia.

"Uwanjani nitakishika mimi," akasema. "Wewe huna sikio."

Sijawahi kufurahia tusi kiasi kile. Mama akaingia jikoni haraka, nikamsikia akiimba.

Siku ya mashindano nilikuwa nimeazima spika ya tarumbeta kwa mzee mmoja mwenye duka mjini. Manju alitaka sanduku lifunguliwe atie dawa, nikakataa kwa ukali, tukaelewana aifunge kwenye mpini nje. Baba alikaa kwenye kiti mbele ya watu wote, mkono wa kulia umelala mapajani, wa kushoto kwenye kitufe, na ngoma yake wamemwekea ubavuni kwa heshima tu. Watu walikuja wengi, mwanzoni kwa kushangaa sanduku. Wapinzani wetu walipopandisha wimbo wao, watu wakaanza kupungua upande wetu. Mchana ukawa unakwenda hivyo, wanakuja, wanaondoka.

Jua likiwa limeshuka, nikaona baba anazungusha kitufe kurudi nyuma, mpaka mwisho. Volteji yangu yote ya kuyumbisha ikazimika. Mashine ikabaki inapiga sawasawa, mashine ya kusaga ileile. Watu wakageuza shingo. Nilimkimbilia nikidhani mkono umemteleza.

"Baba, umeifunga!"

"Najua. Niache."

Akaachia kitufe. Akaweka kiganja cha kushoto juu ya ngozi ya ngoma, akasubiri mapigo mawili matatu ya mashine yapite, kisha akapiga. Alichelewa kidogo. Akapiga tena, akawahi. Mkono ule haukuwa umezoea kuongoza, ulikuwa unakosea, lakini kila kosa lilikwenda mahali, na lililofuata lilijua limetoka wapi. Miezi mitatu nilikuwa nimetafuta kitu cha kuiyumbisha mashine, na yeye kumbe alikuwa anatafuta kitu kisichoyumba cha kuegemea. Manju aliacha kuimba akamtazama, kisha akadaka wimbo kwa sauti kubwa. Miguu ikaanza. Watu waliokuwa wakiondoka wakarudi, na nyuma yao wakaja wa upande wa pili.

Nilisimama kando ya sanduku langu nalia, wala sikujificha. Mzee mmoja aliyekuwa karibu akaniinamia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaonyesha kidole kwenye spika.

"Kijana, mbona hiyo mashine yako imekuwa inapiga kitu kimoja tu? Imeharibika?"

Kwa miaka yote ya ufundi sikuwahi kukubali mbele ya mtu kwamba kazi ya mikono yangu imeharibika, hata pale ilipokuwa imeharibika kweli.

"Ndiyo, mzee, imeharibika," nikamjibu. "Sasa anapiga baba."