Ngome ya Picha za Maharusi

Mke wangu hupiga picha kwenye sherehe za harusi za wanawake peke yao, zile ambazo mabuibui huvuliwa mlangoni na simu za wageni hukusanywa kapuni. Picha hizo haruhusiwi mwanamume kuziona, awe nani. Ndiyo sababu wanamwita yeye, na zote zimo kwenye diski iliyounganishwa na mtandao wa nyumba yetu hapa Mji wa Kale.

Kisha mpiga picha mwenzake akadukuliwa mtandaoni, picha za watu zikazagaa. Mke wangu akakosa raha kabisa. Mimi hutunza kompyuta za kampuni ya malori kule Shimanzi, nikamwambia aniachie. Nilinunua kompyuta kuukuu isimame kati yetu na intaneti, kama bawabu. Kilichobaki ni kuchagua mfumo endeshi, yaani programu ya kuiendesha, ulio salama.

Kuchagua! Kuchagua mke wa pili kungekuwa na kelele chache. Mfumo wa kwanza ulikuwa na kurasa nzuri za kubofya, lakini haukuitambua kadi ya mtandao. Wa pili uliitambua, ndipo nikagundua waundaji wake wameacha kutoa masahihisho ya usalama, na bawabu asiyepewa habari za wezi wapya ana faida gani? Nikauliza kwenye majukwaa ya wataalamu. Kila mmoja akausifu wake na kuuponda wa mwenzake, swali langu likabaki palepale. Nilipandwa na hasira hata chai ikanipalia. Nikiwa katikati ya kuweka wa tatu, umeme nao ukakatika, nikaanza upya.

Mwishowe nikashika huohuo wa tatu, wenye nembo ya samaki bunju. Hauna madoido, ni skrini nyeusi na maandishi tu, lakini huja na milango imefungwa, ukafungua mwenyewe ule unaoutaka. Sikuupenda, ila niliuamini. Nikamwita mke wangu nijigambe.

"Yawazuia watu wote?" akauliza.

"Wote. Hapiti mtu bila idhini yangu."

"Idhini yako." Akaweka kikombe chini. "Na wewe, ukitaka kuziona picha, waweza?"

Nilikuwa nimewafikiria wezi wa dunia nzima, nikajisahau mimi.

"Naweza. Lakini wallahi sijaziona hata moja."

"Najua hujaziona. Lakini nimewaapia mama za maharusi, hapana mwanamume awezae kuziona. Sikuwaambia, 'isipokuwa mume wangu.'"

Niliumia, sifichi. Kugombana kote kule na mashine, kumbe mtu aliyebaki kuzuiwa ni mimi! Nilitaka kubisha, lakini alikuwa na haki. Nikavuta kiti, nikamfundisha amri zote, za hiyo kompyuta ya ngome na za diski, moja baada ya moja. Anashika upesi, na hilo nalo liliniudhi. Tulipofika kwenye nywila mpya akanitazama.

"Geuka huko."

Nikageukia ukuta, nikawa nasikia vidole vyake tu.

Tangu hapo funguo zote anazo yeye. Mtandao ukikwama nami nina kazi ya haraka, huketi barazani kumngoja arudi kutoka harusini aje anifungulie.