Gunia la Tatu

Kavuo hajui kutulia. Nimeishi naye kiwanja kimoja hapa Butembo miaka mingi, mlango wake ukitazamana na wangu, na sijawahi kumwona akimaliza chai akiwa ameketi. Anainuka na kikombe mkononi, anagusa magunia yake, anatoka nje kutazama mawingu, anarudi, anagusa tena. Nikimwambia, "Mama Hadassa, kaa kidogo, utatoboa sakafu," anacheka na kuendelea.

Magunia hayo ni ya maharagi, na ndiyo riziki yake. Mumewe, Jacob, anashinda kule Kipese akinunua kwa wakulima, debe hapa, debe pale, kisha anayatuma. Kavuo anayajaza, na kila Jumatatu Edmond wa Beni anapita na lori kuchukua magunia matatu. Edmond si mtu wa maneno mengi. Gunia lijae mpaka mdomoni, la sivyo haligusi, na nafasi ndani ya lori anampa mwingine. Wanaoivizia nafasi hiyo ni wengi.

Watoto wa Kavuo ni wawili, Hadassa wa miaka kumi na tano na mdogo wake Mumbere, na hao wamekua wakiona muujiza: mama anachota maharagi ya kupika kutoka gunia la tatu, na Jumatatu ikifika gunia limejaa. Mtoto afikiri nini? Hawakujua kwamba kila Jumamosi, mama akiaga kwamba anakwenda kumwona rafiki, anakwenda kwenye depo ya wafanyabiashara wakubwa, anainama na wanawake wenzake kuchambua mawe na maharagi yaliyooza, na analipwa kwa maharagi. Hayo ndiyo aliyoyarudisha ndani ya gunia. Mimi nilijua, na tulikuwa tumegombana juu yake zaidi ya mara moja.

"Uambie hao batoto," nilimwambia. "Hii maisha inabangojea inje, na wewe unabaficha."

"Mama Éliakim, mimi nilikula utoto yangu yote nikihesabu maharagi," akanijibu. "Batoto bangu bakule tu."

Basi Jumapili moja pasta akatangaza kwamba kwaya ya vijana inatoka Beni, itakaa kwetu siku chache, na inahitaji pa kulala. Nani atapokea? Watu wazima wakatazama viatu vyao, maana wanajua kwamba mgeni ana tumbo. Hadassa akainua mkono katikati ya kanisa.

"Kwetu. Batu sita."

Kanisa zima likageuka kumtazama Kavuo, na Kavuo akatabasamu, angefanya nini? Nilikuwa nimeketi nyuma yake. Niliona kisigino chake kikianza kugonga sakafu.

Nyumbani hakungoja hata kuvua kitambaa cha kichwa.

"Uliuliza nani?"

"Lakini mama, tuko na magunia tatu ndani ya nyumba. Hata batu kumi banaweza kukula."

Kavuo akaenda mpaka mlangoni, akarudi, akaenda tena. "Ile haiko chakula ya nyumba. Ni ya Edmond."

"Tunakula ndani yake kila siku, na haipunguke."

Hapo Kavuo akasimama. Nadhani ndipo alipoona alichokuwa amewafundisha watoto wake miaka yote bila kufungua mdomo. Aliposema tena, alisema polepole.

"Bon. Utachota wewe, utapika wewe. Na mbele ya Edmond kufika Jumatatu ile ingine, utajaza wewe."

Hadassa akacheka. "Hapana shida, mama."

Wageni walifika Alhamisi. Walikuwa vijana wazuri, wenye adabu na njaa ya safari, wakiimba hata wakinawa mikono. Hadassa aliwapakulia bila mkono wa birika, akawaongeza kabla hawajaomba, na kila mara alipochota alikuwa na uso wa mtu mwenye mali. Kavuo alikuwa akizunguka nyumba. Kufikia Ijumaa jioni gunia la tatu lilikuwa limeshuka kiasi cha mkono kuzama mpaka kiwiko.

Jumamosi alfajiri akamwamsha binti yake. "Twende tutafute ya kujaza." Wageni wakabaki mikononi mwangu.

Walirudi alasiri. Hadassa alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope, mgongo umepinda, ujira wake umefungwa kwenye pembe ya kitenge. Wa mama yake ukaenda chunguni kwa ajili ya wageni; wake akaumwaga ndani ya gunia, akainama kutazama. Hakuna kilichobadilika. Akakung'uta kitenge tena, kana kwamba kuna kilichobaki, kisha akamgeukia mama yake.

"Unafanyaka hii kila juma?"

"Kila juma."

Jioni, wageni walipokula, msichana mmoja wa kwaya aliacha maharagi kidogo kwenye sahani, kama alivyofundishwa kwao, ili asionekane mlafi. Hadassa aliiona sahani hiyo.

"Maliza," akasema.

Msichana akamtazama, kisha akatazama wenzake.

"Maliza, tafazali. Haikutoka bure."

Yule msichana akamaliza, macho chini. Nilitaka kucheka, lakini aibu ilinikamata.

Wageni waliondoka Jumapili baada ya ibada. Gunia lilikuwa bado limepungua sana, na Jumapili kwetu hakuna anayefanya kazi. Nikachukua beseni la maharagi yangu mwenyewe, nikavuka kiwanja.

"Jaza. Amekwisha kuelewa, Mama Hadassa. Inatosha."

Akalisukuma beseni. "Ukijaza wewe, atarudilia kuamini gunia inajijazaka."

"Na nafasi yako kwa Edmond?"

"Najua."

Nilirudi kwangu na hasira, na sikujua ninamkasirikia nani. Mimi niliyepiga kelele miaka yote kwamba watoto wafundishwe, nilidhani kufundisha ni kuwakalisha, kuwaeleza na kumaliza. Sikuwahi kufikiri kwamba somo lenyewe lina bei.

Jumatatu Edmond alikuja, akasukuma ngumi ndani ya gunia la tatu, ngumi ikazama.

"Mama Hadassa, hii haiko gunia."

"Papa Edmond, ni mimi nilimaliza," Hadassa akasema, amesogea mbele ya mama yake. "Na bageni bangu. Mama hana kosa."

Edmond alimsikiliza mpaka mwisho. Si mtu mbaya. Lakini alipakia mawili, na akasema kwamba nafasi ya la tatu, kuanzia sasa, ni ya Orpa wa nyumba ya pili. "Nikihurumia mumoja, bote batakuja kulia hapa," akasema, akapanda lori.

Jioni ile Kavuo aliniita tule pamoja. Hadassa alipika, akapakua. Alimpa Mumbere, akanipa mimi, akampa mama yake, kisha akajiwekea yeye maharagi kwa vidole, moja, jingine. Mumbere alinyoosha sahani kuomba nyongeza. Dada yake akamtazama, na mtoto akairudisha sahani.

Kavuo akainuka. Akachukua mwiko, akamjazia Mumbere, akamjazia Hadassa mpaka mchuzi ukafika ukingoni.

"Kula."

"Nimeshiba, mama."

"Nilipoteza nafasi ya Edmond ili ujue, hapana ili ufe na njala mbele yangu. Kula."

Hadassa alikula, machozi yakimshuka. Alikula yote, akapangusa sahani kwa kidole. Kisha akainua uso, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke mzima.

"Na kesho tutakula nini?"

Hakuna mtoto wa Kavuo aliyewahi kuuliza hivyo ndani ya nyumba ile. Kavuo alinitazama mimi, mimi niliyetaka wajue, nami nikatazama viatu vyangu.